Kubeti Kikapu cha Vyuo vya Marekani: Kweli au Si Kweli?

Kila Machi ligi za vyuo vikuu vya Marekani hucheza mtoano wa kumpata bingwa wa kila ligi. Mechi nyingi huangukia usiku wa manane kwa saa zetu, na wapo vijana wa Sumbawanga wanaokesha na simu wakizibetia, wakati mahindi ya Ufipa bado yako shambani na hela ni ya kutafuta. Maneno ya vijiweni tuyapime.

"Ukiijua timu, huliwi."

Si kweli. Machi 12, 2009, New York, robo fainali ya ligi ya Big East: Connecticut dhidi ya Syracuse. Connecticut ilikuwa na Hasheem Thabeet wetu wa Dar es Salaam, futi 7 na inchi 3, ambaye Juni mwaka huohuo Memphis Grizzlies walimchukua akiwa wa pili kuchaguliwa NBA. Mtanzania gani angeipa Syracuse? Dakika 40 ziliisha 71-71. Eric Devendorf wa Syracuse alitumbukiza mpira king'ora kikilia, akapanda juu ya meza kushangilia. Waamuzi wakarudia video, wakaufuta kwa kuwa alichelewa kuuachia. Zikachezwa nyongeza sita. Katika tano za kwanza Syracuse haikuongoza hata sekunde moja, na ya sita ikashinda 127-117. Sumbawanga kulikuwa kumekucha, saa mbili asubuhi.

"Pointi za nyongeza hazihesabiwi."

Si kweli. Kwa kawaida kwenye jumla ya pointi za kikapu huhesabiwa, isipokuwa kampuni imeandika vinginevyo. Usiku ule 142 zilikuja kuwa 244. Hata aliyeweka "chini ya 200" aliliwa.

"Mkeka mrefu ndio wenye hela."

Si kweli, na hapa ndipo vijana wetu wanapoumia zaidi. Chukua mechi ya nusu kwa nusu, odi 1.90. Ukiweka shilingi 1,000, malipo ya haki yangekuwa 2,000, unalipwa 1,900. Kampuni imekata 100, yaani asilimia 5. Sasa unganisha mechi tano za namna hiyo. Mkeka utatiki mara moja kati ya 32, kwa hiyo haki yako ni 32,000. Utalipwa 24,760. Zilizokatwa ni 7,240, karibu robo nzima. Kila mechi unayoongeza inaongeza makato, hata kama namba kwenye simu inapendeza.

"Nimeliwa mara tano mfululizo, sasa ni zamu yangu."

Si kweli. Mechi ya leo haina habari na mkeka wako wa jana.

"Aliye chini ya miaka 18 haruhusiwi kubeti."

Kweli, ni sheria ya nchi, na msimamizi wake ni Bodi ya Michezo ya Kubahatisha. Mzazi, laini iliyosajiliwa kwa kitambulisho chako usimwachie mtoto akabetia.