Uteuzi wa Kidole cha Kutobolewa katika Uchukuaji wa Damu

Kutoboa kidole ili kupata tone la damu ni hatua ya kawaida katika upimaji wa malaria, virusi vya UKIMWI, wingi wa damu na sukari. Kwa kuwa hatua hiyo huchukua sekunde chache, uteuzi wa kidole huweza kudhaniwa kuwa ni suala la mazoea tu. Makala haya yanabainisha kuwa uteuzi huo una misingi ya kianatomia, na kwamba unagusa usalama wa mgonjwa pamoja na usahihi wa majibu.

Vidole vinavyofaa ni cha kati na cha pete, hasa vya mkono usiotumika sana. Kidole gumba huepukwa kwa sababu ngozi yake ni nene na kina mapigo ya ateri. Kidole cha shahada hutumika mno katika kazi. Aghalabu ngozi yake huwa ngumu, na maumivu yake humsumbua mgonjwa kila anaposhika kitu. Kidole cha mwisho kina nyama chache, hivyo ncha ya kutobolea huweza kuufikia mfupa. Aidha, ala za kano za kidole gumba na za kidole cha mwisho kwa kawaida huendelea hadi kwenye kifundo cha mkono. Maambukizi yakiingia humo, huweza kusambaa kwa urahisi zaidi kuliko katika vidole vya kati, ambavyo ala zake huishia kiganjani.

Mahali pa kutoboa ni ubavuni mwa nyama ya ncha ya kidole, ambapo maumivu ni machache kuliko katikati. Kwa mtoto ambaye hajatimiza miezi 6, kisigino ndicho hutumika, kwa kuwa vidole vyake ni vyembamba mno.

Hata hivyo, kidole sahihi pekee hakitoshi. Spiriti isipokauka, au kidole kikikamuliwa kwa nguvu, damu huchanganyika na spiriti hiyo au na majimaji ya tishu na kipimo cha wingi wa damu huweza kuonesha upungufu usiokuwapo. Vilevile, mabaki ya embe kwenye vidole visivyonawishwa huweza kupandisha kiwango cha sukari kinachosomwa. Kwa hiyo, uteuzi wa kidole hauna budi kufundishwa kama sehemu ya kipimo chenyewe, kwani kosa linalofanyika kidoleni halirekebishwi na mashine.