Gurudumu la Akiba na Mlio Tulioupuuza



Ilikuwa usiku, baada ya sala ya Isha, tukitoka Malindi kuhani msiba wa jamaa yetu na kurejea Mombasa. Garini tulikuwa sisi wenyewe, mama watoto, mama yetu mzazi ambaye ana maradhi ya sukari, binti yetu, na mwanawe wa miezi saba. Tulipofika pale ambapo barabara hupita kando ya msitu wa Arabuko Sokoke, gari likaanza kuyumba upande wa nyuma. Tukasimama pembeni. Tairi la nyuma la kushoto lilikuwa limechomwa na msumari na upepo wote umekwisha.

“Si neno,” tuliwaambia kwa kujiamini, “spea ipo.”

Tukafungua buti, tukatoa mizigo, tukainua zulia na ubao wa chini. Gurudumu la akiba lilikuwapo kweli. Lakini lilikuwa na matundu manne ya nati, ilhali gari letu linataka matano. Ubavu wa tairi lake ulikuwa na nyufa kama udongo wa kiangazi. Jeki ilikuwapo, mpini wake haukuwapo. Gari hilo tulikuwa tumelinunua miezi mitano kabla ya usiku ule, na katika miezi hiyo yote hatukuliinua zulia lile hata siku moja.

Mwenyezi Mungu alituletea kijana mmoja mwenye pikapu ya kubebea nazi. Aliwachukua akina mama na mtoto hadi Kilifi kwa jamaa zetu, nasi tukabaki kulilinda gari mpaka alfajiri. Sindano ya mama yetu ilikuwa nyumbani Mombasa, kwa kuwa tulikadiria kufika mapema. Aliumwa usiku ule, na ilibidi apelekwe kutibiwa kabla ya jua kuchomoza. Alhamdulillah, alipona. Lakini kila tukikumbuka uso wake asubuhi ile, twajua kwamba haikuwa ajali peke yake. Ulikuwamo na uzembe wetu.

Jambo lililotuuma zaidi tulilitambua baadaye. Tangu wiki ya kwanza gari lile lilikuwa na mlio upande wa nyuma, ko-ko-ko, kila tulipopita tuta. Fundi mmoja akabadilisha shoki. Wa pili akabadilisha bushi. Tulitumia kiasi cha shilingi 18,000, na mlio haukuondoka. Mwishowe tukawa twaongeza sauti ya redio. Siku tulipolitoa gurudumu lile lisilo lake, mlio ukanyamaza. Kumbe halikukaa sawasawa katika shimo lake, na parafujo ya kulikaza haikulifikia, basi kila tuta likirukaruka na kugonga bati. Kwa miezi mitano gari lilikuwa likitupa habari ya kile kilichofichwa chini ya zulia, nasi hatukutaka kusikia.

Chini ya lundo

Msomaji huenda akauliza, sheikh na magurudumu wapi na wapi? Na akumbuke hadithi aliyoipokea Imam Muslim kutoka kwa Abu Hurayra, radhi za Allah ziwe juu yake. Mtume (S.A.W.) alipita sokoni penye lundo la nafaka, akaingiza mkono wake ndani, vidole vikakuta umajimaji. Mwenye mali akajitetea kwamba ni mvua iliyoinyea. Mtume akamuuliza kwa nini basi asiiweke ile iliyolowa juu ili watu waione, kisha akabainisha kwamba mwenye kughushi hayuko pamoja naye.

Tuzingatie kitendo chenyewe. Hakutosheka na kuitazama nafaka ya juu. Aliingiza mkono. Gari la kuuzwa nalo ni lundo: juu yake pana rangi iliyong’arishwa, viti vilivyosuguliwa na manukato yaliyotundikwa kiooni. Gurudumu la akiba ndilo lililo chini kabisa, mahali ambapo muuzaji hatarajii mkono wa mnunuzi kufika. Kwa sababu hiyo ndipo mahali pa kuanzia.

Kuingiza mkono

Lifungueni buti mchana, kwenye mwanga, na vitu vyote vikiwa nje. Kabla ya kulitazama gurudumu, tazameni shimo linamokaa. Maji yaliyotuama, matope makavu au kutu vyaonyesha kwamba buti lavuja, au gari limewahi kuingia majini. Sisi watu wa pwani twaijua chumvi ya bahari inavyokula chuma, basi kutu ya hapo tusiidharau. Bati lililokunjamana, au rangi iliyopakwa upya mahali hapo tu, ni dalili kwamba gari liligongwa kwa nyuma kisha likanyoshwa. Bodi ya nje hunyoshwa ikapendeza. Shimo la spea aghalabu husahauliwa, likabaki na ukweli wake.

Kisha litoeni gurudumu lenyewe. Hesabuni matundu ya nati na mlinganishe na magurudumu manne yaliyo chini. Someni ukubwa ulioandikwa ubavuni mwa tairi. Tafuteni pia tarehe yake: mwisho wa maandishi yanayoanza na herufi DOT pana tarakimu nne, mbili za wiki na mbili za mwaka. Tairi lenye 2316 lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2016. Watengenezaji wengi hushauri kwamba tairi lisipite miaka 10 tangu kutengenezwa, hata kama halijawahi kugusa barabara, kwa kuwa mpira huzeeka ukiwa umelala.

Jambo hili latuhusu sana hapa Kenya. Magari yetu mengi hushuka katika bandari ya Mombasa yakitoka Japani yamekwisha tumika, na sheria huruhusu yaliyo na umri wa hadi miaka 8. Likitumika hapa miaka mingine mitano au sita na spea ileile, gurudumu lionekanalo jipya kwa kuwa halikutumika laweza kuwa ndilo kongwe kuliko yote.

Pimeni upepo wake. Kiasi kinachotakiwa kwa kawaida huandikwa kwenye kibandiko kilicho ukingoni mwa mlango wa dereva. Ikiwa ni lile gurudumu jembamba la muda, aghalabu lataka upepo wa 60 psi, ambao ni mwingi kuliko wa matairi ya kawaida, wala halifai kuendeshwa zaidi ya kilomita 80 kwa saa. Kazi yake ni kukufikisheni kwa fundi wa pancha, si kukaa wiki nzima. Baadhi ya magari ya siku hizi hayana spea kabisa, bali chupa ya dawa ya kuziba na pampu ndogo. Chupa hiyo nayo ina tarehe ya mwisho, isomeni.

Mwisho, hakikisheni jeki ipo na mpini wake, spana ya nati ipo na yaingia barabara, na zile pembe tatu za kuakisi mwanga zipo. Kama mojawapo ya nati ni ya kufuli, ulizieni ufunguo wake. Na mkishafika nyumbani, badilisheni gurudumu mara moja kwa mazoezi, mahali tambarare na mchana: nati zilegezwe kidogo gari likiwa chini, ndipo liinuliwe. Ajifunzaye kwa mara ya kwanza usiku barabarani amechelewa.

Kuusaka mlio

Ama milio, njia yake ni subira na mpangilio. Anzeni kwa kuondoa kila kilicholegea: sarafu, chupa, mwavuli, vikorokoro vya kisanduku cha dashibodi, na jeki isiyofungwa. Milio mingi huishia hapo, bila senti moja kutoka mfukoni.

Ikibaki, nendeni watu wawili. Mmoja aendeshe, mwingine akae nyuma asikilize, kisha ahamie upande wa pili. Redio izimwe na feni izimwe. Msiulize kwanza mlio ni wa nini; ulizeni watokea lini. Ukitokea kwenye matuta tu, shukieni shoki, bushi au kitu kisichokazwa. Ukitokea mnapokata kona, ka-ka-ka upande wa mbele, huenda ni kiungo cha ekseli. Ukitokea gari likiwa limesimama na injini yanguruma, tazameni bomba la moshi na mabati yanayolikinga joto. Plastiki ya dashibodi hujulikana kwa kuibonyeza kwa kiganja: mlio ukikoma, mmemshika mwizi. Piteni pia polepole kando ya ukuta mrefu, vioo vikiwa wazi, kwa sababu ukuta huirudisha sauti ya chini ya gari masikioni. Tena msibadilishe mambo mawili kwa wakati mmoja, la sivyo hamtajua ni lipi lililoponya.

Ipo milio isiyofaa kungojewa. Mlio wa kusaga mnapofunga breki, au mgongo mzito unaofika hadi kwenye usukani, ni wa kulisimamisha gari siku hiyohiyo.

Hapa twawahutubia dada zetu hasa, ambao wengi wao ndio wapelekao watoto shuleni na chuoni. Mafundi wamezoea kumwona mwanamke na kukisia kwamba hajui. Ukimwambia fundi, “Gari lina kelele,” umempa mlango wazi. Ukimwambia, “Mlio watoka nyuma kulia, nikipita tuta, na kwenye lami laini haupo,” atajua kwamba asemaye amechunguza. Mwombe akurudishie kile alichokitoa. Na unaponunua, nenda na fundi uliyemchagua wewe, si wa muuzaji. Hakuna haya katika kuinua zulia la buti. Kuuliza si ujinga.

Kwa sheria yetu, mambo haya si ya hisani tu. Katika madhehebu ya Imam Shafi tuliyolelewa nayo hapa pwani, mnunuzi akigundua kasoro iliyokuwapo kabla ya mauzo, naye hakuijua, ana hiari ya kukirudisha kitu, ila asikawie baada ya kuijua. Na muuzaji anayesema, “Nimeliuza kama lilivyo,” hajajiokoa na dhambi ya kasoro aliyoijua akaificha.

Zamu yetu ilipofika

Ni rahisi kuandika haya yote tukiwa upande wa mnunuzi. Miaka miwili baada ya usiku ule tuliamua kuliuza gari. Gurudumu la akiba lilikuwa zima, la matundu matano na limekazwa. Lakini miezi michache kabla, mlio mpya ulikuwa umeanza mbele kushoto, tulipokata kona kali. Tuliujua, na matengenezo yake tulikuwa twayaahirisha.

Mnunuzi alikuwa mwalimu kijana, akaja na kaka yake. Tukawapandisha ili tuwazungushe mtaani, binti yetu akiwa kiti cha nyuma na mwanawe. Redio ilikuwa wazi, Qur’ani yasomwa. Tulipoikaribia kona, tulijikuta hatutaki kuipunguza sauti. Twakiri mbele yenu: tulikuwa tayari kuisitiri kasoro kwa maneno ya Mwenyezi Mungu.

“Baba,” binti yetu alisema kwa upole, “si ungeipunguza wasikie gari?”

Tukaizima. Tukalikata gari kona kamili, mlio ukatoka ka-ka-ka mbele ya wote. Tukamweleza mwalimu ulianza lini na huenda ni nini. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, “Sheikh, basi tupunguziane.” Tulipunguza shilingi 20,000, na tukiwa wakweli, ziliuma. Akalifungua buti, akatazama spea, akahesabu matundu. Hatukumfundisha sisi. Pengine naye ana usiku wake.

Bukhari na Muslim wamepokea kutoka kwa Hakim bin Hizam mafunzo ya Mtume (S.A.W.) kwamba wanaouziana wakisema kweli na kubainisha, hubarikiwa katika biashara yao, na wakificha na kusema uongo, baraka yake hufutwa. Tuliwahi kuisoma hadithi hiyo darasani mara nyingi. Maana yake tuliipata njiani Arabuko tukiwa wanunuzi, na tukaipata tena kwenye kona ile tukiwa wauzaji.

Basi kabla ya Ijumaa ijayo, tokeni na watoto, fungueni buti la gari lenu, inueni zulia, mwone kilicho chini. Na mkisikia mlio, msiongeze sauti ya redio.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu atujaalie uangalifu katika safari zetu na ukweli katika mauzo yetu, na awalinde wote walioko njiani. Wabillahi tawfiq.