Kwa nini samaki wetu wamekufa?

Siku ya Jumatatu asubuhi wanafunzi wa shule moja waliingia darasani, wakakuta samaki watano wakielea, matumbo juu. Sanduku lao la kioo, liitwalo akwariamu, lilikuwa limetimiza miezi mitatu, nalo lilikuwa fahari ya shule nzima: mchanga safi, mimea ya kijani, na samaki kumi na wawili wazaliwa wa bonde la mto Kongo, wale wenye mkia kama unyoya. Maji yalikuwa maangavu, hata ungeweza kusoma kitabu kilichowekwa nyuma yake.

Mtoto aliyepewa kazi ya kulitunza alianza kulia.

«Mwalimu, nimewaua mimi. Jana sikuja kuwapa chakula.»

«Hapana, mwanangu. Samaki hafi kwa njaa ya siku moja. Niambie, Jumamosi ulifanya nini?»

«Nilifanya usafi, mwalimu. Niliosha mchanga na sponji ya chujio kwa maji ya bomba, mpaka vikang’aa. Kisha nikajaza maji mapya papo hapo.»

Mwalimu akatikisa kichwa kwa huruma. Alitia karatasi ya kupimia ndani ya maji, nayo ikageuka rangi mara moja. Samaki hawakufa kwa uvivu wa mtoto. Walikufa kwa bidii yake.

SUMU ISIYOONEKANA

Wasomaji wapenzi, maji maangavu si lazima yawe maji mazuri. Samaki hutoa sumu iitwayo amonia katika matamvua yao na katika kinyesi chao. Chakula kilichobaki na majani yaliyooza huiongeza. Katika ziwa kubwa kama Tanganyika sumu hiyo hupotea katika wingi wa maji. Katika sanduku la lita mia moja haina mahali pa kwenda.

Basi, nani ataiondoa? Ni vijidudu vidogo sana, vinavyokaa juu ya mchanga, mawe, majani na sponji ya chujio. Jamii moja hugeuza amonia kuwa nitriti. Hiyo nayo ni sumu: huharibu damu ya samaki isiweze kuchukua oksijeni, na matamvua hugeuka rangi ya kahawia. Jamii ya pili hugeuza nitriti kuwa nitrati, isiyo na ukali mwingi, na mimea huitumia kama mbolea. Vijidudu hivyo huhitaji muda wa majuma manne mpaka sita ili viongezeke na kutosha. Kwa hiyo, katika sanduku jipya, tia samaki wachache kwanza, wengine baadaye.

Sasa mwaelewa kosa la mtoto yule. Maji ya bomba hutiwa klorini ili kuua vijidudu vya magonjwa. Lakini klorini haichagui: iliua pia wale watumishi wadogo wa sanduku, tena ikachoma matamvua ya samaki.

Mwalimu hakumwaga maji yote. Kila siku walibadili robo ya maji, wakitumia maji yaliyokaa siku nzima katika ndoo wazi, ili klorini itoke hewani. (Mahali penye kloramini, dawa nyingine ya maji ya bomba, kungoja hakutoshi, yahitaji dawa ya kuivunja.) Siku mbili hawakuwapa samaki chakula. Tangu siku ile sponji yaoshwa kwa kukamuliwa tu katika maji yaliyotolewa sandukuni. Samaki mmoja alikufa tena, sita walipona.

ISHARA NA MAANA YAKE

Yeye atunzaye maji hana budi kujua kusoma ishara zake.

Maji meupe kama yenye maziwa katika sanduku jipya: ni vijidudu vinavyoongezeka upesi. Punguza chakula, ngoja siku chache, yatatakata yenyewe.

Maji ya kijani: ni mwani mdogo unaoelea. Mwanga umezidi, au mbolea imezidi. Ondoa sanduku karibu na dirisha lenye jua, washa taa saa nane tu kwa siku, badili robo ya maji kila juma.

Maji ya rangi ya chai: mara nyingi ni rangi ya mti uliowekwa ndani. Usiogope. Ziwa Tumba na mito mingi ya msituni ina maji meusi namna hiyo, na samaki wake wanaishi vizuri.

Samaki wanaohema juu ya maji alfajiri: oksijeni imepungua. Mchana mimea hutoa oksijeni kwa nguvu ya mwanga. Usiku nayo huivuta kama sisi. Maji ya moto huchukua oksijeni kidogo kuliko maji baridi: kwa digrii 20 lita moja huchukua miligramu 9 hivi, kwa digrii 30 miligramu 7 na nusu tu. Punguza samaki, tikisa uso wa maji kwa pampu.

Harufu ya yai bovu: mchanga ni mnene mno na umeoza chini. Uchokoe kidogo kidogo, sehemu moja kwa siku.

Majani machanga yenye rangi ya njano: mmea wakosa chuma. Majani makuukuu yakiwa njano kwanza: mara nyingi wakosa nitrojeni. Kama mmea wa Anubias waoza, tazama shina lake: lisizikwe mchangani, lifungwe juu ya jiwe au mti, kama liotavyo kandokando ya vijito vya Afrika.

SOMO LA ZAMANI

Mwaka 1850, mjini London, mwanakemia Robert Warington alieleza jinsi alivyowaweka samaki wawili wadogo pamoja na mmea wa Vallisneria katika chombo cha kioo. Mwanzoni mambo yalikwenda vema. Kisha majani makuukuu yakaoza, maji yakachafuka. Akatia konokono, wakala uozo, maji yakatakata. Hivyo alionyesha kwamba mmea, samaki na mla-uozo husaidiana.

Lakini, enyi wanafunzi, msikimbilie mtoni kuokota konokono! Konokono wengine wa maziwa na mito yetu huchukua kichocho, na mdudu wake hupenya ngozi ya mtu anayetia mkono majini. Konokono wa kuokota asiingie sandukuni kamwe. Maji ya mto, kama hamna mengine, yachujwe na kukaa siku mbili bila konokono kabla hamjayagusa.

Tena, msitupe mimea ya sanduku ziwani. Gugu la maji, maua mazuri yaliyotoka Amerika ya Kusini, lilifunika sehemu nyingi za mto Kongo katika miaka ya 1950 na kuwasumbua wavuvi na mashua.

Mtoto yule angali mtunzaji wa sanduku. Mwalimu hakumnyang’anya kazi, ila alimpa daftari, na kila Jumamosi huandika humo: maji yaliyobadilishwa, rangi ya karatasi ya kupimia, hali ya majani, idadi ya samaki. Akiona ishara mpya, hafanyi badiliko zaidi ya moja kwa siku, ili ajue ni lipi lililosaidia. Wazee walisema kweli: haraka haraka haina baraka.