Dawa ya Moyo Isifike Bandani Bila Daktari

Mama anayefuga kuku wa nyama huko Busanza, karibu na Kanombe jijini Kigali, aweza kuamka asubuhi akamkuta kuku mnene kuliko wote amejikunyata pembeni. Anahema kwa shida, upanga wake umekuwa wa zambarau, na tumbo limejaa maji. Maradhi hayo ni ya moyo. Nyumbani mna vidonge vya moyo vya baba mkwe. Je, avunje kimoja akitie katika maji ya kuku? La, asithubutu.

Yafaa ieleweke kwanza sababu ya ugonjwa. Kigali iko juu ya usawa wa bahari kwa kiasi cha mita 1,500, na hewa ya huko ni nyepesi. Kuku wa nyama hukua upesi mno, akafikia kilo mbili kwa wiki sita hivi. Mwili wake hudai hewa nyingi, lakini mapafu yake yameshikamana na mbavu, hayatanuki. Basi moyo husukuma damu kwa nguvu, upande wake wa kulia hupanuka, hatimaye huchoka, na maji huvuja kutoka katika ini yakakusanyika tumboni. Katika miaka ya 1960 wataalamu waliyaeleza maradhi haya katika nyanda za juu za Bolivia.

Sasa, ndugu msomaji, fanya hesabu. Mtu wa kilo 60 ana uzito wa kuku 30 wa kilo mbili. Dawa iitwayo digoksini ina tofauti ndogo sana kati ya kipimo cha kutibu na kipimo cha kudhuru, hata kwa binadamu. Furosemidi hutoa maji mwilini. Ikizidi, humkausha kuku. Ikitiwa katika chombo cha maji, wazima hunywa nyingi na mgonjwa hukosa. Tena mzee aliyepunguziwa vidonge vyake huachwa hatarini.

Daktari wa mifugo akiona dawa yafaa, atampima kuku uzito na kuandika kipimo. Mpe kila kuku peke yake, ukiandika tarehe na saa. Akiacha kula, akitapika au akiyumba, simamisha dawa na umwarifu daktari mara moja. Nyama na mayai yake yasiliwe wala yasiuzwe mpaka daktari aruhusu. Vidonge vya mzee vifungiwe kabatini.

Hata hivyo, dawa haiurudishi moyo uliokwisha kupanuka. Hupunguza taabu tu. Kinga ndiyo bora. Vifaranga wapate joto la kutosha, lakini moshi wa makaa utoke nje. Banda lipitishe hewa, na maranda yaliyolowa yaondolewe, kwani harufu kali ya kinyesi huumiza mapafu. Chakula cha unga hukuza kuku polepole kuliko cha punje, na chumvi isizidi. Kuku anayehema kwa shida aonyeshwe kwa daktari siku hiyo hiyo, kabla tumbo halijajaa.