Moto wa askari asiye na jina

Tangu mwaka 1905 sheria ya Ufaransa imetenganisha dola na dini: serikali haitambui dhehebu lolote. Hata hivyo, kila jioni saa 12 na nusu, chini ya Arc de Triomphe jijini Paris, maveterani wenye bendera na nishani huchochea moto unaowaka juu ya kaburi la askari asiyejulikana. Waziri André Maginot aliuwasha tarehe 11 Novemba 1923. Mwaka 2025 mtu mmoja aliinama akawashia sigara pale. Video ilisambaa, akakamatwa, na mawaziri wakang'aka hadharani.

Ya nini hasira yote hiyo, ikiwa pale hapaabudiwi mungu? Jibu lilikuwa limeshatolewa mwaka 1912 na mwanasosholojia Émile Durkheim. Kwake, kitu hakizaliwi kitakatifu. Watu ndio wanaokitenga, wakakiwekea miiko na kukusanyika mbele yake, na wanachokiheshimu hasa ni ule umoja wao. Watanzania waliowahi kukesha na Mwenge wa Uhuru wilayani kwao, Waislamu na Wakristo pamoja, hawahitaji maelezo marefu hapa.

Lakini tuangalie utakatifu huo ulivyotengenezwa. Tarehe 10 Novemba 1920, katika ngome ya Verdun, yalipangwa majeneza 8, kila moja na mwili usiotambulika uliofukuliwa eneo tofauti la mapigano ya Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia. Auguste Thin, askari wa miaka 21, alikabidhiwa shada la maua achague. Alijumlisha tarakimu za namba ya kikosi chake, 132, akapata 6. Akaliweka shada juu ya jeneza la sita. Kesho yake jeneza hilo lilipokewa Paris kwa heshima kuu za taifa; yale saba yalibaki Verdun.

Wapo watakaosema basi hayo ni maigizo. Sikubaliani nao hata kidogo. Vita ile iliua Wafaransa zaidi ya milioni 1.3, na maelfu kwa maelfu hawakupata kaburi lenye jina. Durkheim mwenyewe alimpoteza mwanawe André katika vita hiyo, naye akafariki mwaka 1917, kabla kaburi hilo halijawapo. Mzazi aliyekosa pa kumlilia mwanawe aliweza kusimama pale na kusema, huenda ni wangu. Hesabu ya Thin ilikuwa ya mtoto wa darasa la kwanza, ila msiba uliokuwa ukisubiri jeneza lile ulikuwa wa kweli.

Na kwa kuwa kaburi hilo ni mali ya wote, wengine nao hulidai. Tarehe 26 Agosti 1970 wanawake wachache walifika na shada la kumkumbuka mke wa askari huyo, ambaye walisema hajulikani kuliko hata mumewe. Polisi waliwakamata kabla hawajaliweka. Wanawake wale hawakulidharau kaburi. Walilichagua kwa sababu walijua kwamba taifa zima linalitazama.