Mgeni wa Miaka Minne Ukambani Ashike Jembe

Ijumaa jioni, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha South Eastern Kenya (SEKU) wenye nauli hutoka kuelekea Kwa Vonza kutafuta matatu ya Kitui, Machakos au Nairobi. Asiye na nauli hubaki bwenini, na wikendi yake inajulikana kabla haijafika: nguo zifuliwe, usingizi uvutwe hadi jua liwe kali, chapati na maharagwe vinunuliwe kibandani, mechi za Uingereza zitazamwe, na simu isiwekwe chini hadi chaji iishe. Wengi siku hizi huongeza kubeti. Jumatatu asubuhi wote hukutana darasani, na wiki mpya huanza kama ile iliyopita.

Ratiba hiyo si ya SEKU pekee. Utaikuta katika kampasi ya Chuo Kikuu cha Kenyatta huko Kitui, katika vyuo vya mafunzo ya tiba (KMTC) vya Kitui na Makueni, na katika nyumba za kupanga za wanafunzi mjini Wote. Kijana huja kutoka Kakamega, Kisii, Kilifi au Garissa, akasoma, akavaa joho, akapiga picha na wazazi na kuondoka. Muulize ameuonaje Ukambani, na jibu mara nyingi ni kwamba kuna joto na maji ni shida.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mgeni wa miaka minne anastahili jembe tangu muhula wa kwanza, na akilishika atavuna pakubwa. Uzoefu mpya ambao vijana wetu wanautafuta Diani, Naivasha au kwenye simu, uko umbali wa nauli ya bodaboda kutoka lango la chuo. Kinachohitajika ni mwenyeji wa kukupokea na moyo wa kufanya kazi.

Habari ya kuhitaji mwenyeji ni ya zamani katika nchi hii. Mwaka 1849 mmisionari Mjerumani, Johann Ludwig Krapf, alitoka Rabai kule pwani akafika Kitui kwa Kivoi wa Mwendwa, mfanyabiashara mkubwa ambaye misafara yake ilipeleka pembe za ndovu pwani. Akiwa kwa Kivoi, tarehe 3 Desemba mwaka huo, Krapf aliuona Mlima Kenya, na dunia ya Wazungu ikapata habari za mlima ambao wenyeji walikuwa wakiuona kila anga ilipotakata. Huyu alikuwa msomi wa lugha, mtu ambaye kamusi yake ya Kiswahili ilichapishwa mwaka 1882. Hata hivyo alihitaji mtu wa Kitui amwonyeshe pa kutazama.

Mto mkavu wenye maji

Mahali pema pa kuanzia ni mtoni, hasa Agosti au Septemba, wakati mito mingi ya Kitui na Makueni haina hata tone la maji juu. Mwanafunzi aliyekulia Nyanza au Magharibi akitazama mchanga ule mtupu atasema mto umekufa. Asubiri kidogo. Mama atakuja na punda mwenye madumu, atashuka katikati ya mchanga hadi kwenye kisima kifupi kilichozungushiwa matawi ya miiba ili mifugo isikichafue, atainama na kibuyu au kikombe, na kuanza kuteka taratibu. Kila akiteka, maji hupanda tena kutoka chini.

Penye maji mengi zaidi, mara nyingi utakuta ukuta wa mawe na saruji umekatiza mto. Hilo ni bwawa la mchanga. Ukuta hujengwa juu ya mwamba, mvua zikinyesha mto huteremka na mchanga, mchanga mzito hutua nyuma ya ukuta na tope jepesi hupita juu yake. Baada ya misimu kadhaa bwawa hujaa mchanga, na katikati ya chembe zake hukaa maji, kiasi cha asilimia 25 hadi 40 ya ujazo wote. Jua haliyanyonyi kwa urahisi, mbu hawana pa kuzalia, na mchanga wenyewe huyachuja.

Kazi hii ina majina ya watu na vikundi. Mwaka 1978 Joshua Mukusya na wenzake walianzisha kikundi cha Utooni huko Machakos, na mabwawa yao yakaenea hadi Makueni. Kitui, shirika la SASOL limeshirikiana na wanavijiji tangu miaka ya 1990 kujenga mamia ya mabwawa ya aina hii. Wataalamu kutoka nchi nyingine huja kuyatazama. Wanafunzi wanaosomea masuala ya maji kilomita chache kutoka hapo wana bahati ambayo wengi wao hawajaitumia.

Na siri ya mabwawa haya ni mwethya, desturi ya Wakamba ya majirani kukusanyika na kufanya kazi ya pamoja bila malipo, leo kwako na kesho kwangu. Mwethya huwahi alfajiri kabla jua halijapanda. Kina mama wengi na wanaume wachache husimama kwenye mstari, na mawe hupita mkono kwa mkono huku wimbo ukipanda na kushuka. Wengine huchanganya saruji, wengine huleta maji, na chini ya mti sufuria ya muthokoi huwa motoni. Hayo ni mahindi yaliyotwangwa kwenye kinu hadi ganda likatoka, kisha yakapikwa polepole pamoja na maharagwe au mbaazi.

Mwanafunzi akifika hapo na nguo za kazi, akaomba apangiwe jukumu, hakuna atakayemfukuza. Akishachoka na wenzake, ndipo aulize swali ambalo halimo kwenye vitini: mlijuaje kwamba ukuta ukae hapa na si pale? Wazee watamweleza kwamba wanakumbuka visima ambavyo havikukauka katika ukame mkubwa, na mahali ambapo mwamba huchomoza wakati mafuriko yamepita. Mhandisi mwenye vipimo huanzia kwenye kumbukumbu hiyo hiyo.

Mashamba yaliyokataa kufa

Kutoka mtoni, panda mlimani. Ukipita Kilungu au Mbooni, Makueni, utaona miteremko imekatwa kwa mitaro na matuta kutoka juu hadi chini. Hii ndiyo fanya juu, jina ambalo wataalamu wa udongo duniani wanalitumia kama lilivyo katika Kiswahili: unachimba mtaro kukingama mteremko, udongo unautupa upande wa juu, tuta linazuia maji, na mwaka hadi mwaka shamba linajinyoosha.

Katika miaka ya 1930 maofisa wa kikoloni waliandika kuhusu wilaya ya Machakos, ambayo wakati huo ilijumuisha Makueni, kana kwamba ni nchi inayoelekea kuwa jangwa. Watu waliongezeka zaidi ya mara tano kufikia mwisho wa miaka ya 1980. Utabiri ulikuwa kwamba udongo ungekwisha. Badala yake wakulima walichimba matuta, wakapanda miti na maembe, na mmomonyoko ukapungua. Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki walitoa kitabu kuhusu mageuzi hayo mwaka 1994, miaka miwili baada ya Makueni kuwa wilaya inayojitegemea, na kitabu hicho kinasomwa hadi leo katika vyuo vikuu vya Ulaya na Marekani. Kwa mwanafunzi aliyepanga chumba Wote, sura zake zote ziko nje ya dirisha. Akitaka kujua maembe yanaishia wapi, kiwanda cha kaunti cha kusindika matunda kiko Kalamba.

Kiganja, paja na uzi

Zoea jingine linalomfaa mwanafunzi ni kutulia na kufanya jambo linalokwenda polepole. Vikundi vya kina mama wanaosuka viondo viko karibu kila kata ya kaunti hizi mbili. Majani ya mkonge huparwa hadi zibaki nyuzi nyeupe, zikaanikwa na kutiwa rangi. Kisha mama huketi chini, hunyoosha mguu, hulaza nyuzi mbili pajani na kuzisukuma kwa kiganja kuelekea goti. Kila moja hujisokota peke yake. Akirudisha kiganja, zote mbili hushikana na kuwa kamba moja nyembamba isiyokatika. Huunga nyuzi nyingine pale zinapoishia, na hakuna fundo litakaloonekana. Mazungumzo huendelea, macho hayatazami mkono.

Mwanafunzi akijaribu, nyuzi hutawanyika na ngozi ya paja huwaka. Atachekwa, ataonyeshwa tena, na atarudi siku nyingine. Ninaamini saa hizo mbili ni dawa kwa kijana ambaye akili yake imezoea kurukaruka kutoka video moja hadi nyingine. Isitoshe, atasikia mambo ambayo mhadhara wa biashara hauwezi kumfundisha: bei ambayo dalali hununulia kiondo kijijini, bei ya kiondo hicho hicho kikifika Nairobi, na jinsi kikundi kinavyoweka akiba na kukopeshana karo.

Hapo pia ndipo lugha ya Kikamba inapofunzwa. Kusema "muvea" baada ya kupewa kikombe cha uji, kumwita mwanamke wa umri wa mama yako "mwaitu" na wa umri wa nyanya yako "susu", kunafungua mlango ambao kitambulisho cha chuo hakiwezi kuufungua.

Kula na wageni wenzako

Barabara ya lami ya Kibwezi–Mutomo–Kitui imezikurubisha kaunti hizi mbili, na kwa mwanafunzi wa Kitui safari ya Makindu ni ya kufaa. Kando ya barabara kuu ya Nairobi–Mombasa kuna hekalu la Masingasinga lililojengwa mwaka 1926, katika mji ambao Masingasinga waliufikia pamoja na kazi ya reli. Msafiri yeyote, wa dini yoyote, hupokewa na kulishwa bure. Utaombwa uvue viatu, ufunike kichwa, unawe, na usiingie na tumbaku wala pombe. Kisha unakula ulichopewa, dereva wa lori upande huu na familia ya matajiri upande ule. Mwenye cha kutoa hutoa, asiye nacho huenda zake kwa heshima. Kwa kijana ambaye hajawahi kuketi katika nyumba ya ibada isiyo yake, mlo huo ni elimu tosha.

Kuna pia mikutano ya wananchi. Katiba ya mwaka 2010 inazitaka kaunti kuwashirikisha watu katika bajeti na mipango, na Makueni, chini ya Gavana Kivutha Kibwana kati ya 2013 na 2022, ilipata sifa kwa kuanzia mashauriano kijijini. Mwanafunzi wa sheria, uchumi au siasa aende akasikilize wanakijiji wakibishana kama fedha ziende kwenye zahanati au kwenye bwawa. Atasikia pia habari za mchanga, maana Makueni ilitunga sheria ya kuuhifadhi mwaka 2015 baada ya malori ya wachimbaji kuiacha mito ikiwa miamba mitupu. Mchanga unaobebwa kwenda kujenga majumba ya mjini ndio ule ule unaohifadhi maji ya yule mama mwenye punda.

Adabu na tahadhari

Kutoka nje ya chuo kuna masharti yake. La kwanza ni usalama. Tarehe 4 Desemba 2021 basi lililobeba wanakwaya lilisombwa na Mto Enziu karibu na Mwingi, na zaidi ya watu 30 wakafa. Mito hii mikavu hufurika ghafla, hata mvua ikinyesha mbali usikoiona. Mto ukiwa umejaa, subiri, hata ukikosa kipindi cha Jumatatu. Nenda na mwenzako, na mwambie mtu mmeelekea wapi.

La pili ni heshima. Usimpige mtu picha bila ruhusa. Usiahidi msaada usio nao. Na wanafunzi wa mwaka wa nne wakumbuke deni lao: wengi huja vijijini na hojaji za utafiti, wakajibiwa kwa saa nzima na watu walioacha kazi zao, kisha hawaonekani tena. Ukimaliza mradi wako, rudi ukawasomee wenyeji ulichokipata, kwa lugha wanayoielewa. Wao ndio walimu wa pili wa shahada hiyo.

Wahadhiri nao wana sehemu yao. SEKU yenyewe ilitokana na taasisi ya kilimo iliyoanzishwa kwa juhudi za jamii ya Wakamba, ikawa chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Nairobi mwaka 2008 na chuo kikuu kamili mwaka 2013. Chuo kilichozaliwa na michango ya wananchi kinapaswa kuhesabu siku ya mwethya kuwa siku ya masomo, na kumpa mwanafunzi alama kwa kazi aliyoifanya huko.

Lakini mwanafunzi asingoje chuo kiamue. Ukambani hutegemea zaidi mvua za vuli, za Oktoba hadi Desemba, na kabla hazijaanza vijiji vingi hukarabati matuta na kumalizia kuta za mabwawa. Wewe unayesoma haya ukiwa bwenini, muulize chifu wa eneo lako au mwenyekiti wa kikundi siku ya mwethya ni lini. Fika mapema, jitambulishe kwa jina na kwenu, kisha uliza jembe liko wapi.