Kambi za wasafiri zageuka nyumba za kupanga

WAHENGA walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Nchini Marekani, katika kambi nyingi za magari yenye vitanda na jiko, mgeni sasa anakaa mwaka mzima, na msafiri wa kweli anakosa pa kuegesha.

Mwaka 2021 viwanda vya Amerika Kaskazini vilitoa magari hayo takriban 600,000, idadi isiyowahi kufikiwa kabla. Si wote waliyanunua kwa ajili ya likizo. Mafundi wanaofuata kazi, na wastaafu walioshindwa kodi za nyumba, wanaishi humo.

Msafiri hulipa bei ya juu kwa usiku, lakini baridi ikiingia hutoweka. Mpangaji hulipa kwa mwezi, bei nafuu, ila fedha yake ni ya uhakika. Hapo ndipo mwenye kambi hushawishika.

Hata hivyo, hatari ipo. Jimboni California, anayekaa miezi tisa huhesabiwa mkazi kisheria, na kumwondoa si rahisi tena.

Nawe mwenye gesti, tenga mapema vyumba vya wapangaji na vya wapita njia, kabla vyote havijashikwa.